Maisha ya George Washington Carver, Mtumwa Aliyekuwa Mwalimu wa Wakulima

Mkulima wa Karatu wa siku hizi ana neno linalomsumbua moyoni kila amalizapo kuvuna. Shamba ni lile lile alilolima baba yake, mbegu ameinunua dukani kwa fedha, jasho lake halikupungua. Walakini magunia hayazidi, na mahali pengine yanapungua. Zamani wazee wa Kiiraqw walipoona nchi imewasonga kule juu Mbulu, walihama na ng'ombe zao, wakafungua mashamba mapya huku Karatu na Mbulumbulu. Leo hakuna tena nchi tupu ya kuhamia. Upande mmoja uko msitu wa Ngorongoro, upande mwingine iko hifadhi ya Manyara, na upande wa magharibi nchi inateremka mpaka katika joto na ukavu wa Ziwa Eyasi. Tena jirani zetu Wamasai wanaokaa ndani ya hifadhi ya Ngorongoro walikatazwa kulima kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1992 wakaruhusiwa kidogo, kisha wakakatazwa tena. Basi unga mwingi wanaoula hupanda mlima kutoka katika masoko ya Karatu. Hivyo mashamba yetu hayaongezeki, bali vinywa vinavyoyangojea vinaongezeka.

Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwaandikia habari za maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1943, katika nchi ya Marekani. Hakufika kwetu wala hakuujua udongo wetu. Lakini kazi aliyoishika maisha yake yote ilikuwa hii hii inayotupasa sisi: kumsaidia mtu maskini apate mavuno mengi zaidi katika shamba lililochoka, pasipo fedha za kununua msaada. Jina lake ni George Washington Carver.

1. Kuzaliwa kwake na utoto wake

George alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond Grove, katika jimbo la Missouri. Siku ya kuzaliwa kwake haijulikani, wala mwaka haujulikani kwa hakika. Wengi husema 1864 au 1865. Mama yake, jina lake Mary, alikuwa mtumwa, amenunuliwa mwaka 1855 kwa dola 700 na mkulima mmoja aliyeitwa Moses Carver. Siku zile Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao juu ya utumwa, na katika nchi ya Missouri vikundi vya wanyang'anyi vilizunguka usiku, vikiiba farasi na watu. Usiku mmoja wakaja nyumbani kwa Carver, wakamchukua Mary pamoja na kitoto chake kichanga.

Moses Carver akamtuma mtu awafuatie. Mtu yule akarudi na mtoto peke yake, mgonjwa wa kifaduro, karibu kufa. Mama hakuonekana tena, wala hapana aliyepata habari zake. Mtu yule alilipwa farasi mmoja kwa kazi yake. Ndivyo ulivyoanza uhai wa mtu ambaye baadaye wakuu wa nchi walikwenda kumtembelea: thamani yake ilikuwa farasi mmoja.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulikomeshwa. Moses na mkewe Susan hawakuwa na watoto. Wakamlea George na kaka yake Jim kama watoto wa nyumbani. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shambani. George alikuwa dhaifu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kwa ajili ya ugonjwa ule. Kwa hiyo alikaa na Susan, akajifunza kupika, kufua na kushona. Lakini alipopata nafasi alikimbilia msituni, na huko alikuwa na bustani yake ya siri, akihamisha miche, akiitazama ikikua, akichunguza kwa nini mmoja unasitawi na mwingine unanyauka. Majirani wakaanza kumletea maua yao yaliyougua, wakamwita tabibu wa mimea, naye alikuwa mtoto bado.

2. Safari yake ya kutafuta elimu

Shule ya karibu ilikuwa ya watoto weupe tu. Hivyo George, akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Neosho, mwendo wa maili nane hivi, palipokuwa na shule ya watoto weusi. Huko alipokewa na mume na mke weusi, Andrew na Mariah Watkins. Mama Mariah alikuwa mkunga na mjuzi wa dawa za miti shamba. Alimfundisha George kazi na sala, akampa Biblia, nayo aliitunza hata uzee wake.

Kutoka hapo alitangatanga miaka mingi katika nchi ya Kansas, akifua nguo za watu na kuwapikia ili apate kulipia shule. Mwaka 1879, katika mji wa Fort Scott, aliona kwa macho yake kundi la watu weupe wakimtoa mtu mweusi gerezani kwa nguvu na kumwua pasipo hukumu. George akaondoka mji ule, na jambo lile halikumtoka akilini maisha yake yote. Alipomaliza shule ya kati alipeleka barua katika chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa. Hata alipofika mlangoni, na mkuu wa chuo alipomwona kuwa ni mweusi, akamfukuza. Fedha zake zote zilikuwa zimekwisha katika safari ile.

Mwingine angalikata tamaa. Yeye akaenda mwaka 1886 katika nchi kavu ya Ness huko Kansas, akachukua kipande cha ardhi ya serikali, akajenga nyumba ya madongo ya nyasi, akalima kwa mikono mahindi na mazao mengine. Basi mtu huyu aliyewafundisha wakulima alikuwa amelima yeye mwenyewe katika nchi ya ukame, tena akiwa maskini. Neno hili ni kubwa, kwa maana mkulima humtambua upesi mwalimu asiyewahi kushika jembe.

Mwaka 1890 alipokewa katika chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akasoma kupiga kinanda na kuchora picha. Mwalimu wake wa picha, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kwa uangalifu wa ajabu, akamshauri aende chuo cha kilimo cha Ames, alikofundisha baba yake. George alipenda sana kuchora, hata picha yake moja ilipata sifa katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Lakini alifikiri moyoni ni kazi gani itakayowafaa zaidi watu wake, akachagua kilimo. Mwaka 1891 akaingia Ames, mwanafunzi mweusi wa kwanza katika chuo kile. Alipata shahada yake mwaka 1894, na shahada ya pili mwaka 1896, akawa mwalimu mweusi wa kwanza hapo. Ujuzi wake ulikuwa hasa katika magonjwa ya mimea yanayoletwa na ukungu.

Hapa kuna habari moja ya kufurahisha. Katika Ames palikuwa na kijana mdogo, mtoto wa mwalimu mmoja, jina lake Henry Wallace. Carver alimchukua katika matembezi yake ya porini, akamwonyesha sehemu za maua na majani. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima aliifuata elimu ya kuchanganya mbegu za mahindi, na mwaka 1926 akaanzisha kampuni ya kuuza mahindi chotara. Baadaye alikuwa waziri wa kilimo, kisha makamu wa rais wa Marekani tangu 1941 mpaka 1945. Elimu hiyo hiyo ya mbegu chotara ndiyo iliyofika Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kituo cha Kitale, Kenya, kilitoa chotara yake iliyojulikana sana, H611. Mfuko wa mbegu tununuao leo dukani ni wa ukoo wa elimu ile.

3. Anaitwa Tuskegee

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Booker T. Washington, naye aliyezaliwa mtumwa, alikuwa amejenga chuo cha watu weusi mahali paitwapo Tuskegee. Mwaka 1896 alimwandikia Carver, akimwomba aje kuongoza kazi ya kilimo kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Carver aliacha kazi nzuri ya Ames, akaja.

Alichokikuta kilikuwa duni. Nyumba ya kuchunguzia haikuwako, wala vyombo. Akawachukua wanafunzi wake, wakapita majalalani wakiokota chupa, mitungi, vyungu na vipande vya waya, na kwa vitu hivyo wakatengeneza vyombo vyao vya kwanza. Mashamba ya chuo yalikuwa mekundu, yamechimbwa na maji ya mvua, yenye makorongo ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani yake.

Inafaa tuelewe kwa nini nchi ile ilikuwa imekufa hivyo. Watu weusi walikuwa wameachwa huru, lakini hawakupewa ardhi. Walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba, au mwenye duka, aliwakopesha mbegu, jembe na chakula, naye alitaka kulipwa kwa pamba, wala si kwa kitu kingine. Basi wakapanda pamba mwaka huu, na pamba mwaka ujao, na pamba tena, mpaka mlangoni mwa nyumba, wala hawakubakiza nafasi ya bustani. Udongo ukachoka, mavuno yakapungua, deni likazidi, na kwa sababu ya deni wakazidi kupanda pamba. Mtu aliyefungwa hivyo huwezi kumwambia anunue mbolea ya dukani, maana hana fedha. Wala huwezi kumwambia apumzishe shamba, maana watoto watakula nini?

4. Mafundisho yake juu ya udongo na mahindi

Carver aliona kwamba dawa yafaa itoke mahali pale pale mgonjwa alipo. Akafanya majaribio yake katika udongo ule mbaya, akiwatumia wakulima alichokipata katika vijitabu vidogo vilivyoandikwa kwa maneno mepesi. Tangu 1898 mpaka mwaka wa kufa kwake vilitoka vijitabu 44. Kimoja cha mwaka 1905 kilifundisha jinsi ya kuujenga tena udongo uliochakaa. Kingine cha mwaka 1909 kilihusu kuongeza mavuno ya mahindi. Nitayaeleza mafundisho yake kwa mafungu matatu.

La kwanza, udongo hauna budi kulishwa. Carver aliwafundisha watu kuwa majani yaangukayo msituni, matope meusi ya mabwawani, samadi ya zizini na takataka za jikoni ni mali. Aliwaonyesha namna ya kuzikusanya, kuzirundika katika tabaka, kuziacha zioze, kisha kuzirudisha shambani. Mtu maskini aliyekuwa akichoma majani yake alikuwa, kwa kweli, akichoma mavuno ya mwaka ujao.

La pili, zao moja lisikae mahali pamoja daima. Pamba, na mahindi vilevile, hula sana chakula kimoja cha udongo kiitwacho naitrojeni. Hewa tunayoivuta karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitwaa hewani. Wataalamu wa Ujerumani waligundua katika miaka ya 1880 kwamba mimea ya jamii ya kunde ina rafiki. Ukiing'oa kunde au mbaazi utaona mizizini vinundu vidogo. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, nao huichukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mizizi na majani yakioza, sehemu ya chakula kile hubaki udongoni, na mahindi yafuatayo huipata. Carver akawahimiza wakulima wapande kunde, na baadaye karanga, kwa zamu na pamba na mahindi. Alifurahia sana kunde, maana kwa tendo moja zilimlisha mtu, zikamlisha mnyama, na kulilisha shamba.

La tatu, maji yasiachwe yakimbie na udongo. Katika Alabama wakulima walikwaruza ardhi juu juu kwa plau dogo lililovutwa na mnyama mmoja. Mvua ilipokuja haikupenya, bali iliteremka na kuichukua ngozi ya nchi. Carver aliwafundisha kulima kwa kina zaidi, na kuyafunga makorongo.

5. Shule iendayo kwa miguu ya nyumbu

Kila mwezi wakulima walialikwa Tuskegee kusikia na kuona. Lakini walio maskini kuliko wote hawakuja, ama kwa kukosa nafasi, ama kwa kuona haya nguo zao. Basi Booker Washington na Carver wakakata shauri kwamba asiyeweza kuifuata shule, shule imfuate. Mwaka 1906, kwa fedha alizotoa tajiri mmoja wa New York, Morris Jesup, likatengenezwa gari lililobeba plau, mbegu, vyombo vya maziwa na mifano ya mazao. Lilivutwa na nyumbu, nao si hawa wa porini tuwaonao Ngorongoro, bali wale wa kufugwa, watoto wa punda na farasi. Msimamizi wake alikuwa Thomas Campbell, aliyekuwa mwanafunzi wa Tuskegee, na huyu alikuwa bwana shamba mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali ya Marekani.

Gari lilisimama katika shamba la mtu, majirani wakaitwa, kazi ikafanywa pale pale mbele ya macho yao. Mkulima hakuhubiriwa tu, alionyeshwa. Mabibi shamba na mabwana shamba wapitao vijijini mwetu leo kwa pikipiki wanaifuata njia ile ile.

6. Karanga, na swali la soko

Katika miaka ya 1910 mdudu mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, alaye vitumba vya pamba, aliingia Alabama kutoka upande wa Mexico, akaangamiza mashamba. Watu wengi wakageukia karanga. Lakini hapo ikaonekana taabu mpya: karanga zikawa nyingi, na wanunuzi wachache. Carver akatambua kwamba haitoshi kumfundisha mtu kupanda kitu, kama hafundishwi pia cha kukifanyia. Mwaka 1916 akatoa kijitabu kilichoonyesha njia 105 za kuzitengeneza karanga kwa chakula. Aliendelea kuchunguza karanga na viazi vitamu, akatengeneza maziwa, rangi, sabuni na vitu vingine vingi.

Mwaka 1921 wenye mashamba ya karanga walimtuma mbele ya kamati ya bunge mjini Washington, ili aombe ushuru juu ya karanga za kigeni. Alipewa dakika kumi tu, na mbunge mmoja alimfanyia mzaha. Yeye hakukasirika, alitoa vitu vyake kimoja kimoja katika sanduku, akavieleza, na wabunge wakaongeza wakati wake mara kwa mara, hata mwisho wakampigia makofi. Tangu siku ile jina lake likajulikana nchi nzima.

Lakini tusimwongezee sifa zisizo zake. Wako wasemao kwamba ndiye aliyebuni siagi ya karanga. Sivyo, ilikuwako kabla yake. Vitu vingi alivyotengeneza havikupata kuuzwa madukani, tena mara nyingi hakuandika kanuni zake, kwa hiyo wengine hawakuweza kuzifuata. Hati za serikali za kulinda uvumbuzi wake ni tatu tu. Na katika Tuskegee alikuwa mwalimu mwema lakini msimamizi dhaifu. Yeye na Booker Washington waligombana miaka mingi juu ya hesabu na mabanda ya kuku. Sifa yake kubwa iko katika kazi ya kwanza, ile ya udongo, ambayo magazeti hayakuishangilia sana.

7. Uzee wake na kufa kwake

Carver hakuoa. Alikaa katika chumba cha chuo, amevaa koti kuukuu lenye ua kifuani, akaamka kabla ya jua na kwenda msituni kusali na kukusanya mimea. Jumapili alisoma Biblia na wanafunzi, nao walikuja kwa hiari, wakajaza chumba. Fedha hakuzijali, mara nyingi hundi za mshahara zilikaa mezani bila kupelekwa benki. Mwaka 1923 alipewa nishani ya Spingarn, na mwaka 1939 Rais Roosevelt alipofika Tuskegee alimsalimu. Mwaka 1940 alianzisha mfuko wa utafiti, akautolea akiba yake.

Alianguka katika ngazi, akadhoofika, akafa tarehe 5 Januari 1943. Alizikwa Tuskegee kando ya Booker Washington. Mwaka ule ule serikali ya Marekani ilitenga mahali alipozaliwa pawe ukumbusho wa taifa, jambo ambalo halikuwa limefanyiwa mtu mweusi yeyote kabla yake. Kaburi la mama yake halijulikani liliko.

8. Yatufaayo sisi wa Karatu

Mambo ya maisha haya yametufikia karibu kuliko tunavyodhani. Wazee wa Kiiraqw kule Kainam walijua kutia samadi mashambani na kuchanganya mazao kabla ya mwalimu yeyote kufika. Lakini tulipoteremka katika nchi pana ya Karatu, yenye udongo wa volkano ulio mzuri, tulipata trekta na plau la sahani, tukaiacha hekima ile, maana nchi ilizaa bila kudaiwa kitu. Plau likipita kina kile kile miaka mingi hufanya chini yake tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ya mahindi hufika hapo ikapinda, na maji ya mvua hufika hapo yakateleza. Ndiyo sababu wiki mbili za jua huyanyausha mahindi ambayo zamani yangestahimili.

Hapa mafundisho ya leo yanaachana kidogo na ya Carver. Yeye alihimiza kulima kwa kina kwa sababu watu wake walikwaruza tu. Sisi tumezidisha kugeuza. Tangu miaka ya 2000 wataalamu katika Karatu wamefundisha kulivunja tabaka lile kwa jembe la kuchana, lipitalo katika mstari wa kupandia tu, na kuacha udongo mwingine ukiwa umefunikwa kwa mabua na mimea itambaayo kama ngwara. Walakini shabaha ni moja: maji yaingie, udongo usiondoke, na ulishwe.

Mbaazi tunazo, nazo, kama kunde za Carver, zina vinundu mizizini. Zaidi ya hayo, mzizi wake hushuka chini sana na kutoboa tabaka gumu, na majani yake huanguka na kuwa mbolea. Hupandwa pamoja na mahindi, hukua polepole bila kuyasonga, na huvunwa miezi kadhaa baada yake. Najua wengi walivunjika moyo mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi za kigeni na bei ikaanguka, hata wengine wakaziacha. Uchungu wao ni wa haki. Lakini kumbukeni karanga za Alabama. Mbaazi iliyokosa mnunuzi bado ni mboga ya watoto, na kazi yake udongoni imekwisha kufanywa, wala bei haiwezi kuiondoa. Anayeitazama mbaazi kwa bei ya sokoni tu amehesabu nusu ya mavuno yake.

Tena liko jambo la mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe hutembea mashambani na kula mabua yote, hata ardhi ikabaki uchi mpaka mvua. Hili mtu mmoja hawezi kulitengeneza peke yake. Ni neno la kijiji kukubaliana na kuweka sheria, sehemu iliwe na sehemu ibaki, na samadi ya zizini irudi shambani badala ya kurundikana na kuoshwa na mvua.

Basi nawashauri mfanye kama Carver alivyofanya, yaani msiamini tu, bali mjaribu. Msimu ujao mkulima atenge robo eka mbili zilizo kando kando, za udongo wa namna moja. Ya kwanza ailime kama desturi yake. Ya pili aitie samadi iliyooza, apande mara mvua za kwanza zitoshapo, kwa mistari yenye nafasi ya sentimeta 75, na sentimeta 30 kati ya shina na shina kwa punje moja moja. Aweke mbaazi kati ya mistari, apalilie mapema kabla magugu hayajayatawala mahindi, na mabua ayaache juu ya ardhi. Zote mbili azipande mbegu ya namna moja. Wakati wa kuvuna apime kwa debe, shamba hili na hili, aandike, wala asihukumu kwa mwaka mmoja tu, kwa maana udongo uliochoshwa kwa miaka thelathini hauponi kwa msimu mmoja. Katika mwaka wa tatu awaite majirani zake waje waone, nao wapime wenyewe.